Risasi za bei chee zamtoa jasho shemeji Arizona

MSOMAJI wangu, Bongo ukikutwa na risasi moja tu mfukoni bila kibali, maelezo yako utayatolea kituoni. Sasa nenda Phoenix, jimbo la Arizona kule Marekani, uone vituko. Machi 2024 niliingia duka moja na shemeji yangu, nikakuta risasi zimepangwa rafuni kama makopo ya maziwa, na akina mama wanapita na vitoroli vyao wala hawageuzi shingo. Hata maduka ya Walmart yalikuwa yakiuza risasi za bunduki aina ya AR, mpaka Septemba 2019 yalipotangaza kuacha, mwezi mmoja baada ya watu kuuawa kwenye duka lao moja huko El Paso, Texas. Wenye kuzitaka wakahamia maduka mengine, basi.

Phoenix yenyewe usiifananishe na Marekani ya kwenye video. Ni jiji lililotandazwa jangwani, nyumba za chini chini rangi ya udongo, barabara pana, na kama huna gari hata mkate hununui. Ukitoka nje ya mji ndipo unakutana na saguaro, ile kaktasi ya sinema za kauboi, mirefu kama nguzo za umeme, imenyoosha mikono juu kama watu waliowekwa chini ya ulinzi. Kuiharibu ni kosa kisheria. Mwaka 1982 jamaa mmoja alijifanya mjuba, akaifanya shabaha, tawi likakatika likamwangukia akafa. Wenyeji wanakusimulia kisa hicho kabla hujamaliza soda yako.

Shemeji ni mtu wa Morogoro, dereva wa lori la masafa marefu, anaishi huko na dada yangu na watoto wawili. Miaka michache iliyopita nyumba ya jirani ilivunjwa usiku, naye nusu ya mwezi yuko barabarani. Akanunua AR, ile bunduki inayojijaza yenyewe lakini kila risasi unavuta upya. Akamfundisha na dada kuitumia. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, maana siku ya kasheshe atakayekuwa nayo mkononi si shemeji, ni dada.

Na shemeji anapenda vya bei chee. Mwaka 2019 alinunua makatoni ya risasi za Kirusi zenye ganda la chuma, senti ishirini na kitu kwa moja, wakati za ganda la shaba zilikuwa zimepita thelathini. Septemba 2021 serikali ya Marekani ikaacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, kwa sababu ya Alexei Navalny kupewa sumu mwaka 2020. Tangu hapo shemeji anayaangalia makatoni yake gereji kama mtu aliyezika dhahabu.

Jumamosi tukaenda kwenye ukumbi wa shabaha wa ndani, hapo hapo mjini. Mimi mtazamaji tu: sheria yao inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kushika bunduki wala risasi, labda awe na leseni ya uwindaji au sababu nyingine chache zilizotajwa. Tulipofika kaunta kijana akatoa sumaku. Akaigusisha kwenye risasi ya shemeji, tik! Imenasa. Akamrudishia boksi lake kwa adabu zote, "Samahani bwana, hizi humu hatupokei."

Nilidhani ni maringo, kumbe wana hoja. Maganda ya shaba yanayodondoka sakafuni ni mali. Yanajazwa upya au yanauzwa kwa kilo, na ya chuma yakichanganyika humo ni kazi ya kuchambua. Tena kwenye hizi za bei chee mara nyingi hata kichwa chenyewe cha risasi kimevikwa chuma kilichopakwa shaba kwa juu tu. Kikigonga bamba la chuma kinatoa cheche, na ndani ya jengo nani anataka cheche?

Basi tukageuza gari, tukapanda barabara kuu ya kaskazini mpaka uwanja wa wazi, vilima mbele, vumbi, watu wamejipanga na viti vyao kama wako pikiniki. Tulikuwa na mshikaji mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye bunduki hagusi kabisa. Yeye anafuata maganda ya shaba ya shemeji akauze skrepa. Ya chuma aliyaokota moja, akaligeuza geuza mkononi. "Ndugu, hizi njo zile tulikuwa tunaokota ku njia ya masomo." Akalitupa kwenye pipa, hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza.

Shemeji akaanza. Magazini ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi, akanigeukia akacheka, "Unaona shem? Watu wanatupa hela bure." Ya sita ikajamu. Akavuta, ikagoma. Akavuta kwa nguvu, ile kucha inayong'oa ganda ikateleza, ganda limebaki ndani ya chemba kama jino bovu. Ikabidi magazini itolewe, bunduki ielekezwe vilimani, ufito wa kusafishia upitishwe kutokea mdomo wa mtutu, ganda ligongwe kwa nyuma. Dakika kumi nzima, jasho linamtiririka, nami nikawa namfikiria dada.

Kinachoudhi, meza ya pili yake alikaa mzee mmoja wa Kimarekani na SKS. Msomaji unaijua hiyo, ndiyo SAR wanayobeba askari wetu, ya Kichina. Mzee naye anapiga za ganda la chuma, tena yamepigwa kutu kidogo, na haikukwama hata mara moja tangu tufike.

Mzizi wa fitina ni ganda. Baruti ikilipuka, ganda la shaba iliyochanganywa na zinki linatanuka, linaziba chemba barabara, halafu linajirudi kidogo na kulegea, linatoka kilaini. Chuma ni kigumu, hakizibi vizuri namna hiyo. Moshi unapenya pembeni, masizi yanarudi chemba na kujijenga taratibu. Risasi mia huoni kitu. Ukiendelea bila kusafisha, siku yoyote ganda linanasa, na hata ukibadili ukaweka la shaba linaweza kunasa kwenye uchafu ule ule. Wapenda bunduki wengi Marekani waliamini kwamba ni vanishi ya kuzuia kutu, inayopakwa kwenye ganda, ndiyo inayeyuka na kugandisha kama gundi. Waliochunguza wakakuta ni masizi tu.

Lakini mbona ya mzee inakubali? Umbo. Risasi ya SAR na SMG ni nene nyuma, nyembamba mbele, kama kifuko cha gazeti cha karanga. Ukiisogeza nyuma kidogo tu imeshaachana na ukuta wa chemba. Ndiyo maana magazini ya SMG imepinda kama ndizi, risasi za umbo hilo zikipangwa zinajikunja zenyewe. Warusi walizibuni zikijua zitavishwa chuma, maana shaba ni ghali na jeshi lao ni kubwa. Risasi ya AR imenyooka zaidi, na bunduki yenyewe Wamarekani waliitengeneza miaka ya 1950 wakiwa na ganda la shaba kichwani. Juu ya hapo nyingi za bei chee zina baruti dhaifu kidogo, mtambo haurudi nyuma mpaka mwisho, risasi inayofuata haipandi.

Usidhani namchafulia Mrusi biashara. Mwaka 2013 kampuni ya Kimarekani inayouza risasi, Lucky Gunner, ilichapisha jaribio la AR nne zinazofanana, kila moja ikipangiwa risasi 10,000. Iliyolishwa shaba haikukwama hata mara moja. Mbili za chuma zilimaliza zikiwa zimekwama mara chache tu, moja ilishindwa kufika mwisho. Mitutu ya zile za chuma ndiyo iliyokiona cha moto, ilichakaa kabisa kabla ya mwisho kwa sababu ya vile vichwa vya chuma. Hata hivyo walipopiga hesabu, hela iliyookolewa ilitosha kununua mtutu mpya na chenji ikabaki. Kwa hiyo shemeji kwenye hesabu hakosei. Kwa kupiga makopo jangwani mimi ningemuunga mkono kwa mikono miwili.

Dada hesabu zake nyingine. Jioni tukiwa mezani, watoto wamelala, akasikiliza kisa chote, akaweka kijiko chini.

"Baba Neema, ilikaa dakika kumi?"

"Nilikuwa sijaisafisha mke wangu."

"Na mimi usiku nitaanza kutafuta ufito?"

Kimya. Shemeji akajaribu za bei, za mtutu mpya, za Warusi. Dada akamwacha amalize, kisha akamwambia za kujifunzia hana neno nazo, apige mpaka achoke, lakini yeye akiwa safarini, ndani ya sefu anataka bunduki iliyosafishwa na za shaba tupu, tena ambazo ameshajaribu boksi zima zikakubali. Halafu akauliza zile za gereji siku hizi zinauzwaje, maana nyumba ya mama mkwe Morogoro bado haina bati upande mmoja.

Kesho yake shemeji aliisafisha chemba kwa brashi karibu saa nzima. Akachukua magazini mbili, akazizungushia tepu nyekundu, akazijaza za shaba, akafunga sefu. Zilizobaki kwenye katoni tulizihesabu pamoja, yeye anashika, mimi naandika: 640. Mpaka napanda ndege bado zilikuwa gereji, lakini wateja wawili walikuwa wameshapiga simu.