Onyesho Lilifana

Kuna sentensi moja nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu: "Onyesho hilo lilifana." Nilianza kuiandika mwaka 2012, nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika deski la burudani la gazeti moja hapa Dar. Mhariri alitaka aya sita na picha mbili. Aya ya kwanza lazima iseme lilifana. Na kusema kweli, sikumbuki onyesho hata moja ambalo kwenye gazeti letu halikufana.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Onyesho la kwanza nililihudhuria nikiwa na miaka kama kumi, kwenye ukumbi wa Temeke, nimeshikwa mkono na mama mdogo. Yalikuwa mashindano ya urembo ya kitongoji, yale ambayo mshindi wake alipanda kwenda kanda, Temeke, Ilala au Kinondoni, na kutoka hapo akaenda kugombea Miss Tanzania. Watu walilipa kiingilio wakiwa wamevaa kandambili. Viti vya mbele walikaa mafundi cherehani wa sokoni, maana nguo nyingi walizishona wao. Binti akipita na vazi la ubunifu, wao hawakumtazama usoni. Walitazama pindo. Likikaa upande, ukumbi mzima utasikia: "Fundi nani huyo, katuaibisha!"

Baadaye, nikisoma chuo, ndiyo nikajua kwamba mashindano hayo yenyewe yalikuwa yamefufuka. Miss Tanzania ya kwanza ilifanyika mwaka 1967, na mwaka uliofuata yakapigwa marufuku. Kufikia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Operesheni Vijana mitaani, ukipambana na sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Mashindano yalirudi mwaka 1994. Ukiyasoma haya kwa pamoja unaona jambo moja: kila zama, kuna mtu aliyesimama pembeni akaamua binti avae nini na atembee vipi. Kwanza alikuwa kijana wa chama, kisha akawa mdhamini.

Sisemi hakukuwa na raha. Mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico akiwa na kipara na akaingia kumi bora. Mimi nilikuwa sekondari, na nywele zetu zilikuwa zimenyolewa kwa amri ya shule. Wiki ile tulitembea kwenda kituo cha daladala kwa madaha ambayo hatukuwa nayo kabla. Ukiniuliza kwa nini nilichagua deski la burudani, jibu liko pale kituoni.

Mwaka 2008 Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week, na mambo yakageuka. Kwenye mashindano ya urembo nguo ilimtumikia binti, lakini kwenye wiki ya mitindo binti ndiye anayeitumikia nguo. Ilikuwa hatua kubwa kwa wabunifu wetu, waliokuwa wakitajwa mwishoni kama vile mpishi wa harusi. Wengi tukaiga. Kila hoteli ikawa na jukwaa lake, kila mwezi mwaliko. Lakini binti anayeitumikia nguo ni mfanyakazi, na mfanyakazi hulipwa. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Usiku mmoja nilikuwa kwenye shoo Kinondoni. Simtaji mwandaaji. Ilianza saa nne badala ya saa moja, ikaisha baada ya saa sita usiku. Nikitoka, nikamkuta getini mmoja wa wanamitindo, amevua viatu, visigino vimechubuka. Aliahidiwa elfu hamsini. Mwandaaji alikuwa ameshaondoka na simu yake haipatikani. Binti anakaa Mbagala, daladala hamna.

"Dada mwandishi, unaelekea wapi?"

Kwenye pochi yangu kulikuwa na bahasha. Waandishi wenzangu wanaijua: tunaiita nauli, lakini hakuna nauli ya elfu thelathini ya kwenda Tandika. Aliyenipa ni yule yule mwandaaji, tena kwa tabasamu, kabla hata taa za jukwaani hazijawashwa. Yaani mimi niliyekaa nililipwa, na yeye aliyetembea hakulipwa.

Tukapanda bajaji, nikalipa kutoka kwenye ile bahasha. Njiani aliniuliza, "Utaandika?" Nikamjibu nitaandika.

Asubuhi nikaandika. Lilifana. Nilijitetea kwamba mhariri asingekubali, lakini ukweli ni kwamba sikumpa nafasi ya kukataa. Picha yake ilitoka, akiwa na gauni la kitenge. Jioni akanitumia ujumbe: "Nimeiona dada, ahsante sana." Angenitukana ningelala.

Siku hizi waandaaji hawatuhitaji sana. Viti vya mbele wamekaa watu wenye wafuasi wengi mtandaoni, simu juu, na onyesho zima linabaki sekunde kumi na tano. Ahadi ya elfu hamsini nayo imebadilika: sasa binti anaambiwa "tutakutaja kwenye ukurasa wetu". Wakongwe wenzangu wanalalamika kwamba fani imeharibika. Mimi siwezi kulalamika nao kwa moyo mweupe. Binti wa leo asipolipwa anafungua simu yake na kusema mwenyewe, kwa jina, usiku ule ule. Yule wa Mbagala alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa mimi.

Na kuna fundi mmoja mtaani kwetu anayempiga picha mpwa wake mbele ya ukuta wa tofali, kavaa nguo alizoshona wiki hiyo. Nasoma maoni chini ya picha: bega limepwaya, hilo pindo vipi, zipu umeificha vizuri. Nawajua hawa. Ni wale wa viti vya mbele wa Temeke.

Bado naenda kwenye maonyesho, ingawa mialiko imepungua tangu niache kupokea bahasha. Kabla ya kuandika aya ya kwanza nauliza maswali mawili: wanamitindo wanalipwa shilingi ngapi, na lini? Wapo wanaonijibu. Wengi hawajibu, na mimi naandika kwamba hawakujibu.