Kete Zisizoteleza

Mchezo wa drafti hautaki fedha nyingi. Mtu akipata kipande cha ubao, kaa la kuchorea miraba 64, na vizibo 24 vya soda, basi mchezo uko tayari. Kila mchezaji huchukua vizibo 12. Mmoja huvilaza vyake chali, meno yakitazama juu. Mwenziwe huvifudikiza, meno yakiwa chini. Hivyo hapana haja ya rangi. Nadhani ndiyo sababu mchezo huu huonekana kila mahali, chini ya miti na katika baraza za maduka, toka Dodoma mjini mpaka Kongwa na Manyoni.

Lakini kizibo hakikutengenezwa kwa ajili ya drafti. Mmarekani mmoja, William Painter, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892, na shabaha yake ilikuwa kuzuia gesi isitoke katika chupa. Ni kitu chepesi sana, na mgongo wake umepakwa rangi laini. Kwa hiyo kizibo kilicholala chali huteleza kama kipande cha sabuni, na kile kinachosimama juu ya meno yake 21 nacho husogezwa na upepo. Sisi tukaao katika uwanda huu wa kati twaujua upepo wetu. Toka Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, nchi imekauka, na upepo huvuma na vumbi lake jekundu mpaka ndani ya bweni.

Kwa wengi wetu jambo hili ni udhia tu. Kete ikisogea, wachezaji huirudisha na kuendelea. Lakini katika bweni letu yuko mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne asiyeona, aliyesoma shule ya msingi ya wasioona ya Buigiri. Yeye husoma nukta nundu, na drafti huicheza kwa ncha za vidole. Kwa bahati njema, meno na mgongo wa kizibo hutambulikana upesi kwa kugusa, kwa hiyo hakosei kete zake na za mpinzani. Taabu yake ni nyingine. Akigusa ubao ili ajue mambo yalivyo, vizibo huhama. Mpinzani huvirudisha, naye hana njia ya kujua kama vimerudi mahali pake. Mara mbili tatu alikuta kete imerudishwa katika mraba uliomfaa mpinzani. Akaacha kucheza. Nilipomwuliza, alinijibu, "Ndugu yangu, kushindwa sikuchukii. Ninachochukia ni kutojua kama nimeshindwa."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Jumamosi moja baada ya usafi tulianza kutafuta dawa, mimi na yeye.

Kwanza tulijaza vizibo nta ya nyuki iliyochanganywa na mchanga ili viwe vizito. Upepo haukuviweza tena, na kidole kikivigusa kidogo havikuhama. Lakini tulipouinamisha ubao, viliteleza kama vile vitupu. Jambo hili lilitustaajabisha mpaka tulipolikumbuka somo letu la Fizikia. Uzito ukiongezeka, msuguano nao huongezeka kwa kadiri ile ile. Lakini nguvu inayovuta kete kuelekea chini ya mwinamo huongezeka vile vile. Kwa hiyo pembe ya kuteleza haibadiliki. Uzito hushindana na upepo. Haushindani na meza iliyopinda mguu. Kinachobadilisha pembe ile ni aina ya nyuso mbili zinazogusana.

Pili tulijaribu utomvu wa migunga, ambao hupatikana kwa urahisi katika mapori yetu. Ukiwa mbichi hunata vizuri mno, hata kete hainyanyuki bila kuinua ubao. Ukikauka huwa mgumu kama kioo na kupasuka. Tukauacha.

Tatu tulikata viduara vya mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kutupwa, tukavigandisha chini ya vizibo. Kwa kete zinazokaa meno chini, tulijaza kwanza nta na mchanga mpaka sawasawa na ncha za meno, ndipo tukabandika mpira. Tukapima kwa kipimapembe. Kizibo kitupu kilicholala chali kiliteleza ubao ulipofika nyuzi 16 hivi. Chenye mpira kilikaa mpaka kupita nyuzi 35. Tulifurahi sana, lakini rafiki yangu aliukagua ubao kwa vidole, akasema bado. Kete sasa haziendi, lakini yeye hajui mraba mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Hapo ndipo tulipolikumbuka bao. Wazee waliochonga bao la mashimo 32 walitumia mbegu za mkomwe, nazo ni za mviringo, zingebiringika mara moja juu ya ubao ulio sawa. Shimo huzishika zisihame, na tena humwambia mkono mahali ulipo. Katika drafti miraba inayotumika ni 32 tu, ile myeusi. Tuliazima patasi, na kwa muda wa majuma mawili, baada ya michezo, tulichonga kishimo kifupi katika kila mraba mweusi, upana wa kizibo na nafasi kidogo ya ncha ya kidole. Mpira tukauacha chini ya kete, maana ndani ya kishimo huzuia isicheze-cheze.

Mwisho wa muhula mabweni yalishindana. Rafiki yangu alicheza na kijana anayejulikana kuwa hodari kuliko wote. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na mara moja mtu aliupiga ubao kwa goti. Hakuna kete iliyohama. Rafiki yangu alishinda mchezo wa kwanza, akashindwa miwili. Baadaye alikaa kitandani akanieleza kete kwa kete ni wapi alipokosea, akicheka. Tangu hapo anacheza kila Jumamosi.

Wasomaji wenzangu, ikiwa shuleni kwenu yuko asiyeona, ubao wa namna hii hauna gharama. Vizibo viko dukani bure, na mpira wa baiskeli uko kwa fundi yeyote. Wengi husema kwamba dawa ya udanganyifu ni kuhubiri uaminifu, nami sikatai. Lakini ni vizuri zaidi kumpa mwenzako ubao anaoweza kuukagua kwa mkono wake mwenyewe, asihitaji kumwuliza mtu.