Safu ya Mbele ni ya Wafu

Nilifika Hong Kong mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao huaminiwa kuwa milango ya kuzimu iko wazi. Kwenye uwanja wa mpira katikati ya maghorofa, watu wenye asili ya Chaozhou walikuwa wamesimamisha banda la mianzi na mabati kwa ajili ya opera. Moshi wa udi ulikuwa mzito. Watu walisimama nyuma, ilhali safu nzima ya viti vya mbele ilikuwa tupu. Mwenyeji wangu akanieleza: viti vile ni vya wafu, hasa wasio na kizazi cha kuwakumbuka. Opera inachezwa kwa ajili yao. Sisi wazima ni waalikwa tu.

Nikapanda treni ya mwendokasi hadi Suzhou, kitovu cha opera ya kunqu, kutazama kipande cha *Mudan Ting*, tamthilia ya Tang Xianzu ya mwaka 1598. Du Liniang, binti wa miaka 16, amefariki kwa kumtamani kijana aliyemwota bustanini. Mwigizaji aliingia kwa hatua fupi za haraka zilizofichwa na vazi refu, mikono imelegea, ungedhani anaelea. Huko kuzimu anakuta ofisi kamili ya serikali: hakimu, makarani, daftari la majaliwa. Hakimu anapekua, anaona binti ameandikiwa kuolewa na kijana yule yule, anamwachia. Mwishowe kaburi linafukuliwa, naye anafufuka.

Ninasadiki kwamba mzimu wa jukwaa la Kichina huja kudai haki. Kutisha ni jambo dogo kwake. Katika tamthilia ya Guan Hanqing, Dou E anakatwa kichwa kwa mauaji asiyoyatenda. Usiku mzimu wake unamwendea babake, ambaye sasa ni mkaguzi wa serikali, na kila anapogeukia taa, unalirudisha jalada la kesi yake juu ya mengine. Kesi inafunguliwa upya.

Madai hayo ya mizimu yaliwahi kuwakera hata watawala walio hai. Mwaka 1963 serikali ya China ilipiga marufuku tamthilia za mizimu. Iliyoandamwa zaidi ni *Li Huiniang* ya Meng Chao, iliyochezwa Beijing mwaka 1961, kuhusu suria anayeuawa na waziri mkuu kisha anarudi kumkabili. Meng Chao alisakamwa kwa ajili ya tamthilia hiyo, akafariki mwaka 1976 kabla jina lake halijasafishwa. Tamthilia imerudi jukwaani, na tiketi yangu iliyofuata ilikuwa ya Beijing.