Nyimbo za Njia ya Maji

Mimi ni bwana shamba. Nikipita vijijini husikia akina mama wakiimba huku wakitwanga. Mara nyingine wimbo husema jambo ambalo mama hawezi kulisema barazani. Leo twende Afghanistan kwa kusoma, tukawaone akina mama wa huko.

Afghanistan ni nchi ya milima, haina bahari. Karibu watu wake wote ni Waislamu. Kusini na mashariki wanakaa Wapashtuni. Wanalima ngano, zabibu na makomamanga. Mvua ni chache. Kwa hiyo wazee wao walichimba mifereji chini ya ardhi ili kuleta maji mashambani.

Kijijini, wanaochota maji ni wanawake. Wakiwa njiani huimba landai. Landai ni shairi la mistari miwili tu. Mstari wa kwanza una mizani 9, wa pili 13. Jina hilo pia ni la nyoka mdogo mwenye sumu. Shairi ni fupi, lakini linauma.

Landai husema habari za vita, za msiba na za mapenzi. Msichana aliyeozwa kwa mzee humcheka mumewe. Mwingine humwita mpenzi wake.

Maneno hayo ni ya hatari. Dini inataka binti aulizwe kabla ya kuozwa. Lakini mara nyingi baba na kaka huamua wenyewe. Binti akijulikana kuwa ana mpenzi, ukoo huona umeaibishwa. Anaweza kuuawa.

Mbona basi wanaimba? Kwa sababu landai haina mwenyewe. Aliyeitunga hajulikani. Mwimbaji akiulizwa, anaweza kusema ameisikia tu.

Sayd Bahodine Majrouh, mwalimu wa chuo kikuu mjini Kabul, alizikusanya nyimbo hizo na kuziandika. Mwaka 1988 aliuawa kwa risasi mjini Peshawar, Pakistan. Nyimbo zimebaki kitabuni. Mwezi Agosti 2024 serikali ya Taliban ilitoa sheria kwamba sauti ya mwanamke anayeimba isisikike hadharani. Lakini wimbo wa mistari miwili hukaa kichwani.

Msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Muulize bibi yako nyimbo zake, uziandike. Na asipotaka jina lake litajwe, usiliandike.