Gitaa au Mimi? Siku Moja Linares

Wiki moja kabla ya safari nilimwambia mchumba wangu maneno ambayo wengi wetu, wasomaji wapenzi, tumewahi kuyasema kwa namna moja au nyingine: "Chagua, gitaa au mimi!" Harusi imekaribia, kila asubuhi yuko na gitaa lake la nyuzi za nailoni, na hela anayopata huko haitoshi hata nauli. Nikaondoka kwenda Hispania kikazi na hasira zangu moyoni.

Kazi ilipoisha Madrid nilibakiwa na siku moja. Nikapanda treni kwenda kusini, mkoa wa Andalusia, mpaka stesheni ya Linares-Baeza. Ni mwendo wa kama saa tatu, na ukikaribia dirishani unaona mizeituni tu, mstari kwa mstari. Stesheni iko nje ya mji, hivyo tenga hela ya teksi. Kusema ukweli, Linares si mji wa kupigia picha za fungate. Ni mji uliojengwa na jasho la wachimba madini ya risasi.

Lakini hapa ndipo alipozaliwa Andrés Segovia, Februari 21, 1893. Makumbusho yake yamo ndani ya jumba la kale, na kaburi lake liko humo humo. Alifariki Madrid mwaka 1987 akiwa na miaka 94, na mwaka 2002 mabaki yake yakarudishwa nyumbani.

Enzi za utoto wake gitaa lilionekana chombo cha kilabuni. Kumbi za heshima zilitaka piano na fidla. Ndugu waliomlea hawakufurahia kabisa, yeye akajifundisha mwenyewe bila mwalimu. Mwaka 1909, akiwa na miaka 16, akafanya onyesho lake la kwanza mjini Granada. Mwaka 1912 alikwenda Madrid kwa fundi Manuel Ramírez kuomba kukodi gitaa. Fundi akamsikiliza akipiga, kisha akampa bure! Gitaa hilo leo limehifadhiwa katika Metropolitan Museum, New York. Baadaye zikafuata kumbi kubwa: Paris mwaka 1924, New York mwaka 1928. Na alikuwa akipiga bila kipaza sauti, ukumbi mzima umenyamaza.

Sasa tuje kwenye yetu. Kazi hii ni mazoezi ya saa nyingi kila siku, kucha zinazotunzwa kama yai, na maisha ya kwenye masanduku. Segovia alioa mara tatu. Mke wa tatu, Emilia, alikuwa mwanafunzi wake. Walioana mwaka 1962, na mwaka 1970 wakapata mtoto wa kiume, baba ana miaka 77! Mzee aliendelea kupanda jukwaani hadi mwaka aliofariki.

Nilisimama pale kaburini nikajiuliza: hivi ningekuwa mimi ndiye ndugu yake wa Granada, si ningelificha lile gitaa? Nikaona haya. Lakini pia niliwafikiria wake zake. Anayeolewa na mpiga gitaa anaolewa na ratiba yake pia, na hilo ni vizuri ulijue kabla ya pete, si baada. Kosa letu sisi wawili halikuwa gitaa. Miaka miwili ya uchumba, sikuwahi kumuuliza anataka kufika wapi nalo, wala yeye hakuwahi kuniambia.

Usiku ule nilimpigia simu kutoka hotelini.

"Mpenzi, kwani unahitaji saa ngapi kwa siku?"

Akanyamaza. Nadhani alifikiri ni mtego.

"Tatu," akasema. "Ila Jumapili ni yako."

Nilimwambia tutaandika kabisa, tubandike kwenye friji. Mambo ya hela tutayaongea nikirudi, maana mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Ila lile la "chagua" nimelifuta.