Ujira wa Castolo

"Mjomba, kwani mchezaji wa kwenye gemu naye hulipwa mshahara?" Ndivyo alivyoniuliza mpwa wangu juzi mjini Katesh, akiwa amekwisha kujinunulia kwa fedha ya simu kikosi cha mashujaa watupu, nami nikastaajabia elimu iliyokufa pasipo mtu kuiwekea matanga.

Sisi tuliipata Dongobesh, kama si mwaka 2007 basi 2008, maana diski yetu ilikuwa ya PES 6, gemu ya soka ya Konami iliyotoka 2006, nayo ilitufikia imenakiliwa na kukwaruzika. Mwaka wenyewe si kitu. Kibanda kilipakana na ghala la vitunguu saumu, hata harufu yake ikaingia katika nguo, na katika padi, na nadhani katika televisheni yenyewe ya chogo. Na mwenye kibanda, mtu mzima mpole wa maneno lakini bahili wa tabia, alikuwa na daftari ambamo, baada ya madeni yetu, aliandika mishahara ya timu yake ya Master League, sehemu ya gemu ile ya kuendesha klabu. Kwani katika mchezo ule ulianza na akina Castolo, Minanda na kipa Ivarov, watu wasiopata kuzaliwa duniani, ukachuma pointi kwa ushindi, na pointi hizo ndizo zilizokuwa rasilimali na ndizo ujira; msimu ukiisha na hazina haitoshi kulipa, mchezo umekwisha, wala hapana rufani. Hukumu ya Bosman ya 1995, iliyomruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba kuhama bila ya ada, hatukuwa tumeisikia, lakini mchezaji huru tulimkimbilia kwa uchu, na kila mara mzee alituuliza, bila ya kuinua macho daftarini, mwakani huyo wa bure atalishwa na nani. Kibanda kizima kilimhusudu Adriano wa Inter. Mzee hakumsajili kamwe.

Simu zikaja, wateja wakapungua, padi zikauzwa, na kurasa za daftari, nasikia, zikafungiwa maandazi.

Agosti 2021 Messi aliondoka Barcelona akiwa mchezaji huru, kwa sababu ukomo wa mishahara wa La Liga ulizuia asisajiliwe upya, na walimwengu wakalia. Nilipompigia mzee simu, aliuliza tu kwa nini hesabu haikupigwa mapema. Mwezi uliofuata Konami wakalizika jina la PES, wakatoa eFootball isiyo na Master League, bure kabisa, ila wachezaji wake wananunuliwa.