Kilo Zilizokwenda Zisirudi

Zamani tulikuwa tukienda kufundisha dini vijijini kwa miguu. Siku tulipopata pikipiki tulifurahi sana. Baada ya miaka 4 mizani ya zahanati ilionyesha kilo 94, na damu ilikuwa imepanda. Mganga akatuonya: “Katekista, ukiendelea hivi, mkeo atakuwa mjane mapema.”

Ikaja Kwaresima. Tukapunguza bugali, tukaacha bia na mafuta mengi ya mawese. Siku ya Pasaka tulikuwa na kilo 88. Lo, tulijisifu! Lakini kufika Noeli, kilo 5 zilikuwa zimekwisha kurudi. Tukamlaumu mama wa nyumbani kwa ajili ya sombe yake. Naye akajibu: “Sombe ni ile ile. Wewe ndiwe hutembei.”

Alisema kweli. Maana mwili uliopungua hutumia chakula kidogo kuliko zamani, tena njaa yake huzidi. Wataka kujaza ghala upya. Kupunguza chakula ndiko hasa kunakoondoa kilo; kutembea kwasaidia sana zisirudi. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, wataalamu Rena Wing na James Hill waliandikisha watu waliopunguza kilo 13 na zaidi, wakakaa hivyo mwaka mzima au kupita. Wengi wao walisema hufanya mazoezi karibu saa moja kila siku, nayo mazoezi yenyewe hasa ni kutembea tu.

Basi, Kwaresima iliyofuata tulipunguza tena, na safari hii tukaongeza miguu. Kila asubuhi twatoka Mudzi-Pela kushuka mjini Bunia na kurudi, dakika 45, siku 6 kwa juma. Pikipiki ni ya vijiji vya mbali tu.

Watu hutuuliza njiani: “Katekista, umekonda, u mgonjwa?” Hatuwalaumu. Hapa Ituri tumeona vita na wakimbizi wengi, na wembamba hututisha. Twawajibu: “La, tumepona.” Huu ni mwaka wa pili, na mizani yasema kilo 87.

Ndugu, nawe jaribu. Anza kidogo kidogo, na mwenye ugonjwa wa moyo amwulize mganga kwanza. Kufunga kuna mwisho wake, kutembea hakuna.